Kabla ya Kuuliza Bei ya Chumba, Uliza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Nilipomweleza mjomba wangu wa Msanga Mkuu kwamba likizo ya Desemba tunakusudia kwenda kulala siku nne katika hoteli ya ufukweni kisiwani Mafia, aliweka chini kikombe chake cha chai, akanitazama kwa huruma kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, bahari si hii hapa?" Swali lake lilikuwa na haki yake, kwa maana mimi ni mkazi wa Mtwara mjini, tena katika kata iitwayo Ufukoni, ingawa kutoka dirishani kwetu bahari huioni hata ukisimama juu ya stuli, na yeye ameishi umri wake wote hatua chache kutoka maji yanapoishia. Nilimjibu kwamba bahari ni hii hapa, lakini hapa ndipo pia lilipo jiko langu, ndipo ilipo shule ninayofundisha, na ndipo kila mwenye shida anapojua pa kupiga hodi. Alicheka, akakubali, na tangu siku hiyo amekuwa mshauri mkuu wa safari ambayo yeye mwenyewe haendi.

Ushauri wake wa kwanza ulinifanya nifute nusu ya yale niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari. Nilikuwa nimeorodhesha bei za vyumba, kwa kuwa fungu letu ni dogo na tuko watu watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mdogo ambaye hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko kivuko cha Msanga Mkuu. Mjomba alisikiliza zile bei mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekiandika popote: "Na huko mbele ya hiyo hoteli, maji yanajaa saa ngapi?"

Ilinibidi nimsimulie aibu ya miaka mitatu iliyopita. Tulikwenda kisiwa kingine, katika hoteli ambayo jina lake naliacha, baada ya kuvutiwa na picha iliyoonyesha mawimbi yakilamba ngazi za baraza. Bei ilikuwa nafuu na tuliilipa kwa furaha. Tulifika saa nne asubuhi, tukafungua mlango wa mbele ili watoto wakimbilie baharini, na mbele yetu hapakuwa na bahari. Palikuwa na uwanda wa tope na mawe uliotapakaa mpaka mbali sana, kamba za mwani zikiwa zimelala chali juani, na mama mmoja aliyeinama akiokota kombe. Mwanangu wa kwanza, ambaye hakuwa na subira ya kuuliza, alitembea pekupeku kuyafuata maji, akarudi anachechemea na ncha za miiba myeusi zimevunjikia kwenye unyayo. Mhudumu alituletea papai bichi la kusugulia, akatwambia kwa upole kwamba maji yatarudi jioni. Hakuwa amedanganya mtu, wala ile picha haikuwa ya uongo. Ilipigwa tu saa ambayo sisi hatukuwapo.

Mjomba hakushangaa hata kidogo. Kwake yeye, mtu anayepanga kwenda ufukweni bila kutazama mwezi ni sawa na mtu anayekwenda mnadani bila kujua siku ya mnada. Alichonieleza wavuvi wote wanakijua, ila sisi wa mjini tumekisahau. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo hayapandi juu sana wala hayaendi mbali. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku, kisha kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, bahari ikajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Ndiyo kusema kwamba yule mhudumu wa miaka mitatu iliyopita angeweza kunijibu kwenye simu kwa kutazama kalenda tu, kama ningejua la kumuuliza.

Basi tukaanza kupanga upya, safari hii kwa tarehe za mwezi. Kwa familia yenye watoto wasiojua kuogelea vizuri na mama mdogo anayependa kuloweka miguu jua likishapoa, tumeona bamvua inatufaa zaidi, kwa sababu maji yatakuwa mlangoni alasiri, na asubuhi, yatakapokuwa yamekupwa, tutakuwa na shughuli nyingine. Mjomba akaongeza sababu ambayo mimi nisingeifikiria, kwamba bamvua ndiyo wakati wa pweza: miamba hubaki wazi, akina mama na vijana huingia na mikuki yao, na jioni pweza ni mwingi na bei yake inazungumzika. Tutafika mwezi kumi na tatu, yaani siku ya kumi na tatu tangu mwezi kuandama, siku ambayo maji hujaa alasiri mapema, na tutaondoka mwezi kumi na saba, kabla kujaa kwake hakujasogea mpaka magharibi, wakati ambao sitaki mtoto wangu awe ndani ya maji.

Kuhusu majira, Desemba tumeichagua kwa sababu kadhaa zilizokutana kwa bahati. Ya kwanza ni korosho. Tuna shamba dogo Tandahimba, na fedha ya korosho haifiki siku unayoihitaji. Minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba, mzigo hupimwa, hukaa ghalani, huuzwa, na ndipo malipo huingia benki kwa zamu ambayo mkulima hana la kuiambia. Mwaka juzi tulilipa kianzio cha safari kabla ya malipo ya korosho kuingia, tukaishia kukopa nauli kwa shemeji, na mpaka leo kila nikimwomba shemeji chumvi hunikumbusha. Mwaka huu sitalipa hata senti moja mpaka ujumbe wa benki usome.

Ya pili ni papa potwe. Kati ya Oktoba na Februari samaki hawa husogea karibu kabisa na Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kufuata chakula chao, ambacho ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini pamoja na samaki wadogo wadogo. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hamdhuru mtu. Anakwenda polepole amefungua mdomo kama mlango wa ghala na kuchuja maji. Wanaoingia majini kumtazama huambiwa wasimguse na wasimzibe njia. Mama mdogo ameshatangaza kwamba yeye atamtazama akiwa ndani ya boti, tena akiwa ameshika kitu, na hakuna atakayembishia.

Ya tatu ni upepo. Desemba kaskazi inakuwa imeanza, na mvuko wakati huo huwa mpole kuliko Julai, kusi inapokoroga bahari mpaka watu wazima wanaomba mifuko. Miezi niliyoifuta kabisa ni Aprili na Mei, hata kama hoteli hupunguza bei wakati huo, na kwa kweli hupunguza. Si mvua ya masika peke yake inayonitisha. Wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji wao, na sisi sote tunakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Kusini upande wa Kilwa, magari yakalala njiani kwa siku kadhaa. Punguzo la bei ya chumba halina maana kwa mtu aliyekwama Somanga na watoto wawili na begi la nguo za kuogelea.

Njia yenyewe ni ndefu kuliko ramani inavyodanganya. Mafia ipo baharini mbele ya mdomo wa mto Rufiji, na ukiitazama kutoka Mtwara unaweza kudhani kwamba ungepita baharini moja kwa moja, lakini abiria wa kawaida hupita barabarani. Basi la alfajiri hutoka Mtwara, hupita Mnazi Mmoja, Nangurukuru na Somanga, huvuka Daraja la Mkapa pale Ikwiriri, hupita Kibiti, na wewe unashuka Bungu baada ya zaidi ya kilomita 400. Kutoka Bungu unashika barabara ya kwenda bandari ndogo ya Nyamisati, na hapo ndipo vivuko na maboti ya kwenda Kilindoni yanapopatikana. Wenye uwezo wao huenda Dar es Salaam na kupanda ndege ndogo, ambayo haichukui hata saa moja angani, lakini nauli ya watu watano kwa njia hiyo ingemaliza fungu letu kabla hatujaona mchanga.

Kosa ambalo wengi hufanya, nami nilikuwa nalifanya kwenye rasimu ya kwanza, ni kuhesabu safari hii kuwa ya siku moja na kulipia chumba cha kisiwani kuanzia usiku huohuo. Vyombo vya Nyamisati havimsubiri mtu wa basi la Mtwara. Tutalala njiani, katika gesti ya kawaida, na chumba cha kisiwani tutakilipia kuanzia siku ya pili. Vivyo hivyo wakati wa kurudi nimeacha siku moja tupu kabla ya siku ninayotakiwa kazini, kwa sababu chombo kinaweza kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa, na nahodha anayekataa kuondoka ni mtu wa kushukuriwa. Kuhusu chombo chenyewe nina sharti moja ambalo mume wangu ameliandika kwa herufi kubwa: kama hakuna jaketi okozi la kila abiria, pamoja na la saizi ya mtoto, hatupandi, hata kama nahodha ni shemeji yetu.

Ninaisubiri sehemu ya kwanza ya mvuko huo kwa hamu ya pekee, kwa kuwa chombo hutoka kupitia mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kama wake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo ndimo meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilipojificha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaitumia kama kituo cha ndege zao za kuichungulia meli hiyo, na Julai mwaka uleule ikapigwa mpaka Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Ninafundisha Historia, kwa hiyo watoto wangu wanajua kwamba hawatapita hapo bila kuisikia.

Sasa nije kwenye hoteli, maana ndiyo iliyonikalisha jioni tatu nikiwa na simu sikioni. Mtu mwenye fungu dogo huko Mafia huwa na sehemu mbili za kuchagua. Utende, upande wa ghuba ya Chole, ndiko kwenye hoteli nyingi za wageni, na eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa kuwa ni hifadhi, kuna kiingilio kinacholipwa getini. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini kidogo mara watu watano mara siku nne si kidogo tena. Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, ipo nje ya hifadhi. Ndiko vyombo vinakofikia, ndiko sokoni, na ndiko karibu na potwe. Hasara yake ni kwamba ufukwe wa Kilindoni ni ufukwe wa kazi. Kuna majahazi yanayopakua, kuna wavuvi wanaoshona nyavu, kuna harufu ya dagaa, na jogoo wa jirani hajui kwamba wewe umekuja kupumzika.

Wengine wangekimbia. Mimi nimeamua kwamba tutalala Kilindoni pembeni kidogo ya mji siku zote nne, na siku moja tutachukua gari kwenda Utende, tulipe kiingilio cha siku hiyo moja, tuvuke kwa mashua mpaka kisiwa cha Chole tukaone magofu ya wakati Wajerumani walipokifanya makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni, pamoja na wale popo wakubwa wanaoning'inia mchana kwenye miti kama miavuli iliyosahaulika. Juani, penye magofu ya mji wa Kua, tutaiacha kwa safari nyingine, kwa sababu mashua ya kwenda huko ni ghali kwa familia moja na sina hakika kama mama mdogo atakubali kuvuka mara mbili kwa siku.

Katika hoteli nilizopigia simu, niligundua haraka kwamba neno "ufukweni" kila mtu analipima kwa kamba yake. Kuna aliyeniambia kwamba hoteli yake ipo ufukweni, na nilipomuuliza kama nitaweza kumwona mtoto akiwa majini nikiwa nimekaa barazani, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuna njia inayokatiza nyuma ya ukuta wa jirani, "dakika tano tu, madam." Dakika tano za mtu aliyezoea ni dakika kumi na tano za mama mdogo. Swali hilo la baraza sasa ndilo ninalomshauri kila mtu aulize, kwa sababu halijibiki kwa maneno mazuri.

Kuna mengine ambayo bei haiyasemi. Maji ya kuogea katika hoteli ndogo za visiwani mara nyingi ni ya kisima, na kisima kilicho karibu na bahari huwa na chumvi. Unapaka sabuni, haitoi povu, nywele zinakuwa kama katani, na mtoto mwenye upele analia. Mimi huuliza waziwazi kama maji ya bomba yananyweka, kisha nauliza kama sabuni inatoa povu, maana la kwanza watu hujibu kwa matumaini na la pili hujibu kwa ukweli. Huuliza pia umeme ukikatika usiku nani huwasha jenereta na saa ngapi huzimwa, kwa sababu Desemba bila feni, ndani ya chandarua, katika chumba cha dirisha moja, si mapumziko. Chandarua chenyewe hubeba changu, pamoja na sindano na uzi. Siku moja nilitumia saa nzima ya likizo nikishona matundu ya chandarua cha watu, mume wangu akinimulikia kwa simu na kuhesabu: kumi na nne, kumi na tano.

Chakula hakinipi wasiwasi, ila nimejifunza kwamba katika hoteli ndogo hakuna jiko linalokungoja. Unaagiza asubuhi, mpishi anakwenda sokoni au kwa mvuvi, na jioni unakula kile ambacho bahari ilitoa. Anayefika saa mbili usiku na kudai samaki wa kupaka ataletewa mayai, na atakuwa amestahili. Nimeshapatana na wenye hoteli kwamba kifungua kinywa kiwe ndani ya bei ya chumba, na siku mbili kati ya nne tutawapelekea pweza wetu wenyewe kutoka kwa wavuvi nao watatutoza gharama ya mkaa, nazi na kazi.

Kwa upande wa fedha sina mengi. Tumeweka kikomo cha 1,200,000 kwa kila kitu, na karibu nusu yake ni nauli na gesti za njiani. Aliyezoea kudhani kwamba hoteli ndiyo gharama kubwa ya safari ya kisiwani aanze kuhesabu kutoka kituo cha basi. Vyumba ni viwili, watoto watalala na bibi yao mdogo, godoro la ziada ni bure kwa kuwa niliomba kabla ya kukubali bei na si baada yake. Kianzio ni cha usiku mmoja tu, kitatumwa kwa simu kwa jina la hoteli na si kwa namba binafsi ya mtu, na nimeomba waniandikie ujumbe unaotaja tarehe, idadi ya vyumba na kiasi kilichobaki. Mwenye hoteli ya kwanza alikasirika nilipoomba maandishi, akaniuliza kama simwamini. Nilimwambia ninamwamini sana, nikapiga simu hoteli ya pili.

Hoteli ya pili ndiyo tuliyoichukua, na sababu nitaisema kama ilivyokuwa. Nilimtajia binti aliyepokea simu siku zetu kwa tarehe za mwezi, nikamuuliza maji yatajaa saa ngapi mbele ya baraza lao. Hakujua, lakini hakubahatisha. Alisema, "Subiri dada, nimuulize mzee," nikasikia kandambili zikienda juu ya sakafu, mlango, upepo kwenye simu, kisha sauti ya mzee mmoja ikihesabu kwa sauti, mwezi kumi na tatu, kumi na nne. Binti akarudi: siku ya kwanza mnamo saa tisa alasiri, siku ya mwisho karibu na magharibi, na asubuhi watoto wasiende mbali bila viatu kwa sababu upande wa kushoto kuna miiba. Nilipompelekea mjomba majibu hayo, alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa na kusema kwamba huyo mzee ni mvuvi.

Jumamosi tulikwenda sokoni kununua yeboyebo za kutembelea mwambani. Za watoto tumepata, ya mume wangu imepatikana ya rangi ya waridi na amekubali kuivaa kwa sharti kwamba isipigwe picha. Ya mama mdogo bado, mguu wake ni mdogo kuliko saizi za watu wazima na mpana kuliko za watoto, na muuzaji ameahidi kumtafutia nyingine kabla ya mwisho wa mwezi.